SOMO: Mishipa ya Damu ya Ubongo kwa Watoto wenye Hali ya Down

Soma kwanza Marko 2:1-12, habari za mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne.

Somo hili tumeliandika kwa wazazi wenye mtoto wa hali ya Down, lakini si kwao peke yao. Bibi na babu walisome, na walimu wa watoto Siku ya Mungu, na wazee wa kanisa wanaomwona mtoto huyo kila juma. Maana mara nyingi si mzazi anayekuwa karibu wakati ugonjwa unapojionyesha kwa mara ya kwanza.

Tuanze na mfano. Tuseme kuna mama anayepika asubuhi. Mtoto wake ana miaka 8, naye ana hali ya Down. Anapenda kusaidia. Mama anamwambia apulize moto. Mtoto anainama mbele ya mbabula, anapuliza makaa kwa nguvu, mara kumi, mara ishirini, mpaka yamewaka vizuri. Halafu anapewa kikombe cha chai, na kikombe kinaanguka. Mama anamkemea. Mtoto anataka kukiokota, lakini mkono wa kushoto unaning'inia tu. Anasimama, na mguu wa kushoto unaburuta. Midomo imekwenda upande mmoja kidogo. Bibi anasema, "Mwache, ni ukaidi wake. Watoto wa namna hii ndivyo walivyo." Baada ya dakika 15 mtoto anacheza tena na wenzake, na jambo lile linasahauliwa. Majuma matatu yanapita. Asubuhi moja mtoto anaamka na nusu ya mwili wake haina nguvu, na maneno machache aliyoyajua yamepotea.

Bibi hakuwa na nia mbaya. Amemlea mjukuu huyu, amemwona mara nyingi akikaa chini katikati ya njia na kukataa kutembea. Lakini neno lake lile, "ndivyo walivyo," ndilo tunalotaka kuling'oa katika somo hili. Hali ya Down mtoto amezaliwa nayo. Haikuja leo asubuhi. Kama leo mkono umelegea, na jana haukulegea, kuna sababu mpya, na sababu hiyo inatafutwa hospitalini siku ile ile.

HALI YA DOWN

Munganga mmoja Mwingereza, John Langdon Down, aliandika habari za watu hawa mwaka 1866, na kwa sababu hiyo hali hii inaitwa kwa jina lake. Sababu yenyewe ilijulikana mwaka 1959 tu, wakati waganga wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walipotangaza walichokiona. Katika kila chembe ya mwili wa mtu kuna nyuzi ndogo sana zinazoitwa kromosomu. Ndizo zinazobeba maagizo ya kujenga mwili. Watu wengi wana 46. Mtoto wa hali ya Down ana 47, maana kromosomu ya namba 21 imekuwa tatu badala ya mbili. Ndiyo sababu waganga wanasema pia trisomia 21.

Uzi huo wa ziada huingia mara nyingi wakati yai la mama linapojigawanya, kabla mimba haijaanza. Hakuna chakula cha mama kilichouleta, wala dhambi ya baba, wala jicho la jirani. Mama wa miaka 20 anaweza kuzaa mtoto wa namna hii, kama mtoto 1 katika 1500. Kwa mama wa miaka 40 ni kama 1 katika 100. Watoto hawa wanazaliwa katika mataifa yote ya dunia, kwa weupe na kwa weusi, kwa matajiri na kwa maskini.

Kwa kuwa maagizo ya kromosomu 21 yamezidi, viungo vingi vya mwili vinajengwa tofauti kidogo. Watu wanaona macho na uso, na misuli iliyo milegevu. Yaliyo ndani hawayaoni. Karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na kasoro ya moyo. Na wachache wao, si wengi, wanapata ugonjwa wa mishipa inayopeleka damu katika ubongo. Ugonjwa huu ni wa shida kupatikana hata kati ya watoto wa Down. Lakini kwao unaonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa watoto wengine, na ukichelewa kutambuliwa unaharibu kisichoweza kurudishwa.

NJIA NNE ZA DAMU

Weka vidole viwili kando ya koo lako, chini ya taya. Utasikia mshipa unapiga. Kuna mmoja upande wa kuume na mmoja upande wa kushoto. Hiyo ndiyo mishipa mikubwa miwili ya mbele. Mingine miwili inapita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. Yote minne inapanda mpaka chini ya ubongo, na pale matawi yake yanashikana kama pete. Pete hiyo ilielezwa vizuri na Thomas Willis, munganga wa Uingereza, mwaka 1664. Ni kazi ya hekima ya Muumba, maana njia moja ikizibika polepole, damu yaweza kuzunguka kwa njia nyingine.

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili wake, lakini unatumia kama sehemu 20 katika 100 za hewa safi inayobebwa na damu. Nao hauna ghala. Tumbo laweza kungoja chakula mpaka jioni. Ubongo hauwezi kungoja damu hata dakika chache. Sehemu iliyokosa damu inaanza kufa. Hiyo ndiyo kiharusi, ambayo katika miji yetu watu wanaiita AVC. Wengi wanafikiri kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye damu yenye kupanda. Sivyo. Mtoto pia anaweza kupigwa nao.

Tena kumbuka kwamba upande wa kuume wa ubongo unatawala upande wa kushoto wa mwili, na upande wa kushoto unatawala ule wa kuume. Kwa hiyo kiharusi mara nyingi kinashika upande mmoja tu. Hii ni alama kubwa, na tutairudia.

UGONJWA UNAOITWA MOYAMOYA

Mwaka 1957 waganga wa Japani waliandika habari za mgonjwa ambaye mishipa yake mikubwa ya kichwa ilikuwa imejifunga. Mwaka 1969 wenzao, Suzuki na Takaku, waliupa ugonjwa huo jina la moyamoya. Ni neno la Kijapani linaloeleza kitu kama moshi unaotanda hewani. Sababu ya jina ni hii. Ile mishipa miwili ya mbele inapofika ndani ya fuvu, kuta zake zinaanza kunenepa kwa ndani. Njia ya damu inakuwa nyembamba mwaka kwa mwaka. Ubongo wenye njaa unajitafutia msaada: mishipa midogo sana inaongezeka na kutanuka pale chini, mingi kama nywele. Kwa picha ya mishipa inaonekana kama moshi wa sigara.

Mishipa hiyo midogo ni msaada wa kweli, lakini msaada dhaifu. Ni kama kijiji ambacho mto wake umekauka na watu wanachota maji katika vijito vidogo. Siku za kawaida yanatosha. Siku ya jua kali hayatoshi. Kwa watoto shida kubwa ni damu kupungua na sehemu ya ubongo kufa. Kwa watu wazima zaidi, mishipa hiyo dhaifu yaweza kupasuka na damu kumwagika kichwani.

Ugonjwa huu unawapata watu wengine pia wasio na hali ya Down. Katika Kongo tunapaswa kukumbuka hasa watoto wenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS, maana mishipa yao ya kichwa inaweza kujifunga kwa namna ile ile, na hao ni wengi kwetu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, Down na SS. Kwa hiyo munganga akitaka kupima damu ya mtoto kwa ajili ya SS, usimwambie kwamba ugonjwa wa mtoto unajulikana tayari.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa mbabula. Kwa nini mkono ulilegea baada ya kupuliza moto? Mtu akipuliza kwa nguvu au akipumua haraka sana, anatoa nje hewa chafu nyingi kuliko desturi. Sisi tunaiita chafu, lakini ikiwa kwa kiasi chake katika damu ina kazi: inaifanya mishipa ya ubongo ibaki wazi. Ikipungua sana, mishipa inajikaza. Kwa mtu mwenye mishipa mizima hakuna neno, ataona kizunguzungu kidogo. Lakini kwa mtoto ambaye njia zake ni nyembamba tayari, kule kujikaza kunatosha kukatisha damu kwa dakika chache. Ndiyo maana kupooza kwa kupita kunaweza kuja baada ya kulia sana kwa kwikwi, au kupuliza supu ya moto, au kupiga tarumbeta. Wengi wa watoto hawa wanapenda nyimbo kuliko kitu chochote, nao wanafurahi wakipewa tarumbeta ya kanisa. Hatusemi wote wanyimwe. Tunasema, kama mtoto aliacha tarumbeta ianguke na uso wake ukaenda upande, asiipige tena mpaka munganga amemwona.

Kiu nayo ni adui mkubwa. Mtoto akiharisha, akitapika, akiwa na homa kali, maji ya mwili yanapungua, damu inakuwa nzito, na haipiti vizuri penye njia nyembamba.

MOYO WENYE TUNDU

Si kila kiharusi cha mtoto wa Down kinatoka kwa moyamoya. Njia ya pili inatoka moyoni. Moyo una upande wa kuume unaopeleka damu katika mapafu, na upande wa kushoto unaopeleka damu katika mwili wote. Kati yao kuna ukuta. Kwa watoto hawa ukuta huo mara nyingi una tundu, na pengine tundu kubwa katikati kabisa. Ikiwa damu ya upande wa kuume inavuka kwenda kushoto bila kupita katika mapafu, bonge dogo la damu iliyoganda laweza kuvuka nayo na kupanda moja kwa moja mpaka ubongo. Vijidudu vya usaha pia vinaweza kupita njia ile na kufanya jipu ndani ya ubongo. Basi mtoto mwenye ugonjwa wa moyo akiumwa kichwa siku nyingi, ana homa, anatapika, anasinzia, msimtibu malaria nyumbani juma zima.

Mtoto ambaye midomo na kucha zake zina rangi ya buluu ana damu nzito, kwa sababu mwili wake unaongeza chembe nyekundu ili kutafuta hewa. Huyu kiu ni hatari kwake kuliko kwa mwingine. Tena, akikosa madini ya chuma katika chakula, hatari ya kiharusi inazidi. Maharagi, sombe, dagaa na nyama kidogo vinamfaa.

JINSI YA KUMTAZAMA MTOTO

Hapa kuna ugumu ambao waandishi wengi wanaupita haraka. Mtoto wa kawaida akipatwa na ganzi atasema, "Mama, mkono wangu." Mtoto wa Down mara nyingi hawezi kulisema. Naye ana misuli milegevu tangu kuzaliwa, na uso wenye umbo lake, na maneno yasiyo wazi. Jirani akimtazama hataona tofauti. Ni wewe unayemjua ndiwe utakayeona. Usimlinganishe na watoto wengine. Mlinganishe na yeye mwenyewe jinsi alivyokuwa jana, na mlinganishe upande wake mmoja na upande wa pili.

Ulegevu wa Down ni sawasawa pande zote mbili. Ulegevu wa kiharusi mara nyingi ni wa upande mmoja. Mfanye acheke, utazame kama pembe zote mbili za mdomo zinapanda. Mwambie ainue mikono yote miwili kama wakati wa kuimba, utazame kama mmoja unashuka. Mpe andazi upande wa kushoto, halafu upande wa kuume, uone kama anapokea kwa mkono gani. Mtoto ambaye kwa ghafula anaacha kutumia mkono aliouzoea, au anaanza kujikwaa kwa mguu mmoja, au anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au anapatwa na degedege bila homa, huyo apelekwe. Na hata kama alama zimekwisha kabla hamjafika njiani, mwendelee. Kupooza kunakopita ni ujumbe uliotumwa mbele. Ukisubiri, huenda ujumbe wa pili hautapita.

Na yule anayekaa chini njiani na kukataa kutembea? Pengine ni ukaidi kweli. Watoto hawa wana nia zao. Lakini mtazame miguu kabla hujamchapa. Tena usimchape.

Kuna jambo jingine linalofanana, nasi tulitaje ili lisisahauliwe. Mifupa miwili ya juu ya shingo kwa watoto hawa yaweza kulegea na kubana uti. Hapo miguu yote miwili inakuwa dhaifu, mtoto anashika kichwa upande, shingo inamwuma, au anaanza tena kukojoa nguoni aliyekwisha kuacha. Mtoto huyo abebwe kichwa chake kikishikwa imara, asipinduliwe wala kunyoshwa shingo. Na kabla ya operesheni yoyote mwambieni yule anayelaza wagonjwa usingizi kwamba mtoto ana hali ya Down, ili aitunze shingo yake.

YA KUFANYA SAA ILE

Tazama saa. Munganga atauliza, "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?" Jibu hilo lina thamani kubwa. Mlaze mtoto kwa upande, hasa kama amepatwa na degedege au anatoa mate. Usimpe chai wala uji wala dawa kwa kinywa wakati mdomo umekwenda upande, maana vinaweza kuingia katika mapafu. Mtulize, mbebe, mwimbie kwa sauti ya chini asilie sana. Chukua fishi yake ya hospitali, mwende.

Usimpe aspirini kwa shauri lako mwenyewe. Ni kweli waganga wanaitumia kwa ugonjwa wa moyamoya, lakini kama kiharusi kimetoka kwa mshipa uliopasuka, aspirini itaongeza kutoka kwa damu. Hakuna mtu anayeweza kutofautisha kwa macho. Tena kwa mtoto mwenye tetekuwanga au mafua makali, aspirini yaweza kuleta ugonjwa mwingine wa ini na ubongo.

Msimchanje chale. Msimpeleke kwa mfumu.

Sasa tuseme neno kwa ndugu zetu walio katika kanisa, nalo ni neno zito. Kuna mahali ambapo mtoto akipooza ghafula, wanasema ana pepo au ni mlozi. Wanamfungia katika chumba cha maombi, wanamfungisha chakula na maji siku mbili au tatu, wanapiga kelele juu yake, naye analia mpaka sauti inakauka. Fikirini yale mliyosoma juu. Kiu inafanya damu kuwa nzito. Kilio kinaifanya mishipa ijikaze. Mtoto aliyeingia chumbani na mkono mmoja dhaifu anaweza kutoka asiweze kukaa, na watu watasema pepo alikuwa na nguvu. Hakukuwa na pepo. Kulikuwa na mshipa mwembamba, nasi tuliufunga. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Lakini hata bila sheria, mkristo asingepaswa kungoja kuambiwa.

Wale watu wanne katika Marko 2 walimbeba rafiki yao. Walipokuta mlango umejaa watu walitoboa dari. Hatusomi kwamba walikaa nyumbani wakimwuliza alifanya nini. Siku zile zilihitaji kitanda. Baba zetu walitumia kipoyi. Leo ni pikipiki. Mwombeeni mtoto njiani. Maombi yanasikiwa hata juu ya pikipiki.

HOSPITALINI

Mfanya kazi wa hospitali atatafuta kwanza mambo yanayofanana na kiharusi na yanayotibika upesi: malaria ya ubongo, sukari iliyoshuka katika damu, ugonjwa wa uti wa mgongo wa kichwani unaoitwa menenjiti. Kwa hiyo atachoma kidole na kupima damu. Msikasirike kwamba anapima malaria wakati ninyi mnasema habari za mkono. Atasikiliza moyo. Atampa maji kwa mshipa, atashusha homa, atampa hewa safi kama imepungua.

Ili kujua mishipa ya ubongo yenyewe, picha ya skaneri au ya IRM inahitajika, nayo haipatikani katika hospitali ndogo. Munganga akiandika barua ya kuwapeleka mjini, si kwamba amechoka nanyi. Mtoto atatakiwa kulala bila kutikisika wakati wa IRM, pengine kwa dawa ya usingizi. Hapo tena kumbukeni habari ya shingo.

Kwa moyamoya hakuna dawa ya kufungua mishipa iliyojifunga. Kuna operesheni. Weka kidole mbele ya sikio lako, utasikia mshipa mdogo unapiga. Huo unalisha ngozi ya kichwa. Munganga wa ubongo anauinua mshipa huo bila kuukata, anafungua dirisha dogo katika fuvu, anaulaza juu ya ubongo, na kurudisha mfupa. Kila mwanamke anayelima anajua kwamba shina la viazi vitamu likilazwa juu ya udongo linatoa mizizi. Ndivyo mshipa huo unavyofanya. Kwa miezi inayofuata unatoa matawi mapya, nayo yanaingia katika ubongo wenye njaa. Mara nyingine waganga wanaunganisha mshipa na mshipa moja kwa moja ili damu ipite siku ile ile, lakini kwa watoto wadogo mishipa ni myembamba na kazi ni ngumu.

Zamani wengine walifikiri hakuna faida kumpasua mtoto wa Down kwa kazi kubwa kama hii. Mwaka 2005 waganga wa Boston, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 16 wenye Down na moyamoya waliofanyiwa operesheni, wakaona inawafaa kama inavyowafaa watoto wengine. Basi mtu akikuambia, "Huyu ni wa nini?", una jibu.

Hatutaki kuwadanganya. Waganga wa kupasua ubongo ni wachache sana katika Kongo, na safari na malipo yanawashinda wengi. Kuna wazazi watakaosoma ukurasa huu wakijua kwamba hawatafika. Kwao kazi haijakwisha. Munganga anaweza kumpa mtoto aspirini kidogo kila siku, kwa kipimo chake na kwa ulinzi wake. Mtoto apewe maji ya kunywa mara kwa mara, hata asipoomba, maana watoto hawa pengine hawaombi. Akiharisha, maji ya chumvi na sukari yaanze saa ile ile. Homa ishushwe kwa paracetamol, si kwa aspirini. Alale ndani ya chandarua. Asiachwe alie mpaka kukatika pumzi. Ndugu zake wafundishwe kwamba kumchokoza si mchezo. Asipulize moto. Mambo haya hayafungui mshipa, lakini yanapunguza siku za hatari, na kwa mtoto mwenye njia nyembamba kila siku iliyopita salama ni faida.

BAADA YA KIHARUSI

Ubongo wa mtoto unaweza kujifunza tena, zaidi kuliko wa mtu mzima. Mkono dhaifu usifichwe ndani ya nguo. Mtu wa kine, yule anayefundisha viungo, atawaonyesha jinsi ya kuunyosha vidole kila asubuhi ili visikakamae. Nyumbani mpeni kazi inayotaka mikono miwili: kuchambua maharagi, kumenya ndizi, kubeba bakuli, kukunja nguo. Itachukua muda mrefu. Bibi ambaye ana subira ni mwalimu mzuri kuliko wote, hata yule bibi wa mfano wetu. Na mtoto arudi katika kwaya yake. Kuimba polepole hakumdhuru, na wengine waliopoteza maneno wanayapata tena katika nyimbo kabla ya kuyapata katika mazungumzo.

Neno moja juu ya watu wazima. Katika nchi zenye hospitali nyingi watu wa Down sasa wanaishi mpaka kama miaka 60. Mafuta hayazibi mishipa yao upesi kama ya watu wengine, na damu yao mara nyingi haipandi. Lakini kromosomu 21 inabeba agizo la kitu kinachojikusanya katika ubongo na katika kuta za mishipa yake midogo. Wakifika miaka 40 karibu wote wanacho. Kwa hiyo mtu mzima wa Down akianza kusahau njia ya kwenda kanisani, au akipatwa na degedege kwa mara ya kwanza, naye aonwe na munganga. Kwake pia tusiseme, "Ndivyo walivyo."

MASWALI YA KUULIZANA

Ulegevu wa Down na ulegevu wa kiharusi vinatofautianaje?

Kwa nini mtoto mwenye moyamoya anaweza kupooza baada ya kulia au kupuliza?

Mtoto amepooza, na baada ya dakika 20 amepona kabisa. Mtafanya nini, na mtamwambia munganga nini?

Kwa nini ni hatari kumfungisha mtoto huyu maji?

Katika mtaa wenu nani ana pikipiki, naye anapatikana usiku? Mmekwisha kumwuliza?